Homa za Jumatano

Kiwandani kwetu kuna kanuni ambayo haijaandikwa popote: mashine ikiharibika kila akiwa zamu mtu fulani, na mtu huyo akienda likizo ikatengemaa, usiifungue mashine. Mchunguze mtu. Nimekuwa fundi wa mitambo ya kukaushia chai huku milimani Usambara kwa miaka kumi na moja, na kanuni hiyo nimewafundisha vijana wengi kwa mbwembwe zangu zote. Nyumbani kwangu ilinipita mbele ya macho kwa miaka miwili na nusu, maana mtu mwenyewe alikuwa dada yangu wa tumbo moja.

Siku iliyonifumbua macho ilikuwa Jumatano. Mwanangu Raya, mwenye miaka sita na nusu, aliletwa kutoka shule saa nne asubuhi, yuko mgongoni kwa mwalimu wake. Punje iliyo chini ya ngozi ya mkono wake, kile kidude cha Kituo cha Kinga kinachopima joto na kupokea dawa, ilikuwa inawaka nyekundu. Thelathini na tisa nukta sita.

"Imerudi, mama Raya," mwalimu alisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Nilimpokea mtoto nikamlaza sebuleni. Alikuwa anatetemeka, midomo imemkauka. Kwa zaidi ya miezi minne hakuwa amepata homa hata moja. Kabla ya hapo ilikuwa ikija kila wiki ya tatu, Jumatano, bila kukosa, inakaa siku mbili kisha inaondoka zake. Daktari alituambia ndivyo ulivyo ugonjwa huo, una kalenda yake, nasi tukaamini. Dawa ilikuwa tone moja tu linalotiwa kwenye punje Jumanne ya kabla ya homa, na mtiaji alikuwa dada Tausi, muuguzi wa Kituo. Tone halizuii homa, alinieleza, linaipunguza makali. Bila tone mtoto angeweza kupata degedege.

Halafu shemeji akafariki kule Korogwe, na dada akakaa eda. Mjane wa kwetu akiwa edani hatoki. Miezi minne na siku kumi yumo ndani. Kabla ya kwenda alinishika mabega. "Mtu mwingine asiiguse punje, mdogo wangu. Inanijua mimi." Jumanne ya kwanza bila tone niliomba ruhusa kazini, nikashinda nikimpapasa mtoto paji la uso. Homa haikuja. Ya pili haikuja. Ilipokosa mara ya nne nikachinja jogoo, nikamshukuru Mungu, nikawaita na majirani. Jogoo wa watu alikufa bure.

Dada alipomaliza eda alirudi kazini, na Jumanne ya pili akatia tone. "Ugonjwa huu hujificha," alisema. "Tusiupe nafasi." Kesho yake saa nne, Raya yuko mgongoni kwa mwalimu.

Hata hapo sikuelewa. Nilianza kuelewa pale dada Tausi aliposimama mlangoni na mkoba wake wa kazi, viatu amekwishavua, kabla sijampigia simu.

*

Sina budi kusema kweli: hakuna aliyejua kumuuguza Raya kama yeye. Alimkanda kwa kitambaa, akamnywesha uji wa mchele kijiko kwa kijiko, akamsimulia habari za sungura mwizi wa karanga. Kisha akatoa sindano. "Haiumi," alisema, kama alivyosema kila mara, akavuta chupa tatu za damu. Vipimo, nilikuwa nikiambiwa. Mimi nilisimama pembeni nikizihesabu zile chupa, nikajiuliza ni kipimo gani kinachokunywa chupa tatu kila wiki ya tatu kisha hakileti majibu.

Adhuhuri ilipoingia akatandika mswala chumbani. Kisomeo chake, kile kifaa cha kuongea na punje, akakiacha juu ya mkoba.

Nilikichukua nikaenda nacho jikoni, nikidhani kitanigomea. Niliweka dole gumba, kikafunguka papo hapo: *Karibu, Mama.* Ndipo nilipokumbuka Sheria ya Mama Watatu. Iliwekwa baada ya yale maporomoko ya milimani yaliyoacha watoto wengi bila wazazi. Tangu hapo kila mtoto anaandikishwa mama watatu, na yeyote kati yao ana haki kamili. Mama wa Raya walikuwa mimi, dada Tausi na marehemu mama yetu. Baba yake alihamia Tanga kwa mke mwingine, na habari zake zinaishia hapo. Kwa hiyo kifaa kile kilikuwa tayari kunijibu siku zote hizo. Mimi, fundi mzima, sikuwahi kukiuliza.

Nilisoma kama ninavyosoma kumbukumbu za mtambo, kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

*Kiamsho: tone la thelathini na sita. Homa: imepatikana. Damu: imechukuliwa. Protini kwenye mkojo: imeonekana, kiwango kidogo. Endelea.*

Niliendelea kurudi nyuma, tone baada ya tone, mpaka nikafika mstari ambao nausoma hata sasa nikifumba macho. *Ugonjwa wa awali: umekoma wenyewe, mtoto akiwa na miaka minne na mwezi mmoja. Mpango wa kiamsho: umeanza. Idhini: mama, Tausi Shemdoe.*

Ugonjwa umekoma. Miaka miwili na miezi mitano mwanangu haumwi. Alikuwa anaumwishwa.

Dada alitoka chumbani akikunja mswala, akanifuata jikoni, akakiona kisomeo mkononi mwangu. Hakupiga kelele wala hakukipokonya. Aliketi kwenye kigoda, akavuta pumzi ndefu, na uso wake ukawa wa mtu aliyetua mzigo. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote.

"Ningeambiwa lini?" niliuliza.

"Ungekataa."

"Nimeuliza lini, dada. Sijakuuliza kwa nini."

"Mwanaheri, unaujua huu ugonjwa wa Ubaridi. Unausikia kwa watu. Mimi nimeushika." Aliongea kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie. "Kito wangu alikufa mikononi mwangu akiwa na siku arobaini na mbili. Hakulia. Hakupata homa. Kidudu kile kinaingia mwilini kinakata kengele ya homa kwanza, halafu kinaua kwa nafasi yake. Mtoto anapoa tu. Damu ya Raya akiwa na homa inawasha ile kengele upya. Chupa tatu, watoto wanane. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningeuliza."

"Nimekaa eda nikihesabu. Kila mtoto aliyekufa, Kituo kiliniletea jina lake kwa simu. Kumi na tisa. Nikitoka, nimemvunjia mume wangu heshima ya mwisho. Nikikaa, wanakufa. Nilikaa. Unafikiri nililala?"

"Na mimi je, uliwahi kunihesabu? Niliacha kazi za zamu nzuri. Nililia kwenye hicho kigoda ulichokalia. Ulinifuta machozi, dada! Ukaniambia ni mipango ya Mungu."

Aliukunja upya mswala wake. Mdomo ukaniponyoka, na ninajua ulichosema hakirudishiki. "Asiye na mwana aeleke jiwe," nilimwambia. "Hawakusema amtoboe mwana wa mwenziwe."

Alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua sauti ilikuwa ya kazini, ile ya wodini. "Mwenziwe nani? Jina langu kwenye daftari uliliandika wewe mwenyewe, kwa mkono wako, unacheka. Ukasema mama mkubwa ni mama. Au ulikuwa unanidanganya?"

Kabla sijajibu, Raya akaita kutoka sebuleni. Sauti ilikuwa imekwaruza kwa homa.

"Mama, msigombane. Mimi nilishakubali."

Nilikwenda nikapiga magoti pembeni ya godoro. "Ulikubali nini, mwanangu?"

"Watoto wa baridi. Mama mkubwa alisema damu yangu inawapasha moto. Alisema nisikwambie, wewe unalia upesi."

Dunia nzima ilijua ila mimi. Mwanangu wa miaka sita alikuwa amenitunzia siri ili nisilie.

*

Alhamisi nilikwenda Kituoni. Daktari Kilua, mkuu wa pale, ni mtu mpole na mchovu, na laiti angekuwa mkali ningejua namna ya kupambana naye. Hakukana neno. Alinipeleka moja kwa moja wodini, na ninaamini alifanya hivyo makusudi.

Walikuwa ishirini na watatu. Vitanda vidogo vya kioo, taa za joto juu yake, na ukimya ambao wodi ya watoto haipaswi kuwa nao. Mama mmoja alikuwa amemweka mwanawe kifuani ndani ya kanga mbili na sweta, akimpulizia pumzi mgongoni. Nilimgusa yule mtoto mguu. Ulikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi.

"Ndani ya chembe zetu nyeupe za damu kuna mtego," daktari alinieleza tukiwa tumesimama pale pale. "Vipande vyake hukaa vimetawanyika. Adui akionekana, vinaungana, na mtego una wembe. Wembe ule hukata protini moja ndefu, kipande kinachokatwa ndicho kinachotoka kwenda kwenye ubongo kusema: pandisha joto. Tunakiita interlukini. Raya alipokuwa mdogo, mtego wake ulikuwa unafyatuka bila panya. Ndiyo homa zile za mwanzo, na zilikuwa za kweli. Kisha akakua, mtego ukatulia, kama inavyotokea kwa watoto wengi. Ila bado ni mwepesi. Tone dogo tu linaufyatua. Hawa hapa wamekatiwa mtego kabisa."

"Na figo zake?"

"Ni kiasi kidogo sana."

"Daktari, mimi ni fundi. Homa ikiwaka, ini linamwaga protini zake kwenye damu. Nimesoma usiku kucha. Zikizidi zinaganda kwenye figo. Kiwandani vumbi la chai kwenye mabomba nalo huanza kidogo sana. Tunaliacha, tunaliacha, halafu siku moja linashika moto."

Aliangalia sakafu. "Tungesimama kabla ya hapo."

"Imeandikwa *Endelea*."

Nami nikamuuliza lililokuwa likinisumbua. "Watoto wenye mtego mwepesi kama wa Raya, hakuna wengine?"

"Wapo wawili nchini. Mama zao walikataa."

"Waliulizwa?"

"Waliulizwa."

Nilicheka, na yule mama mwenye kanga mbili akageuka kunitazama. Wenzangu waliulizwa kwa sababu hawakuwa na dada muuguzi. Mimi nilikuwa na bahati ya ndugu.

"Ungeambiwa, ungekubali?" Daktari Kilua aliniuliza kwa upole.

Nilitamani kusema la, nikashindwa, kwa kuwa mguu wa yule mtoto ulikuwa bado uko kwenye vidole vyangu. "Labda ningekubali mara moja," nilisema. "Labda mara tano. Hamkuniuliza kwa sababu mlijua iko siku ningesema basi. Leo ndiyo siku hiyo. Niletee fomu nifute idhini."

"Fomu ipo. Lakini ukifuta leo, dada yako ataandika tena kesho. Sheria inawaona mko sawa."

"Naye ataandika?"

"Amenipigia jana jioni. Amesema ataandika."

Nilishika ukingo wa kitanda cha kioo. Mpaka dakika ile kipande changu kimoja kilikuwa kinamsubiri dada aje aniombe msamaha. Nilikuwa nimekwishaandaa hata namna ya kumsamehe.

*

Njia iliyobaki ilikuwa moja: kumfuta dada Tausi kwenye daftari la mama. Sheria inaruhusu, ila mtoto akishapita miaka sita lazima aulizwe, mbele ya mama zake wote walio hai. Tulikutana ofisi ya msajili Jumatatu asubuhi. Msajili alikuwa Bi Chausiku, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliyempa Raya kiti kirefu na biskuti moja. Dada aliketi upande wa kulia na mkoba wake mapajani. Tulisalimiana. "Shikamoo dada." "Marahaba." Adabu haikutushinda hata siku ile.

"Raya," Bi Chausiku alianza, "mama zako ni akina nani?"

"Mama mkubwa Tausi," alisema, akameza biskuti, "na mama."

Lilinichoma. Mimi nilimtaja yeye kwanza katika kila dua tangu azaliwe, naye akanitaja wa pili. Lakini niliijua sababu. Siku za homa nilikuwa nakuja nakimbia, naondoka nakimbia, mtambo hausubiri. Aliyeshinda kwenye godoro lile tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa dada.

"Vizuri. Mama yako hapa anaomba jina la mama mkubwa litolewe kwenye daftari. Likitolewa, hatatia tone tena mkononi mwako, na ile homa ya Jumatano haitakuja. Wewe unasemaje?"

Raya alifikiri. Ana tabia ya kufikiri huku anabembeza miguu. Nilibana mikono yangu katikati ya magoti ili nisimwoneshe jibu.

"Homa isipokuja," aliuliza, akamgeukia dada, "utakuja kukaa na mimi siku nzima?"

Swali hilo hatukuwa tumelitarajia, wala mimi, wala yeye, wala Bi Chausiku aliyevua miwani. Dada Tausi alifungua mdomo. Angeweza kusema ndiyo. Ndiyo moja tu, hata ya uongo, na Raya angekataa jina lile kutolewa, na tone lingeendelea mpaka Mungu ajue lini. Alinidanganya mimi mara thelathini na sita bila kukwama, lakini mbele ya yule mtoto ulimi ulimgoma. Aliushika mkoba wake. Alitazama mlango.

"Nitakuja nikipata nafasi," alisema mwishowe.

Miguu ya Raya ikaacha kubembea. Alimkazia macho kwa muda mrefu, macho yamefinywa, kama mtu mzima anayekagua nguo ya mtumba.

"Hiyo ni kama 'haiumi'," alisema.

"Raya, mwanangu..."

"Huwa inauma." Alimgeukia msajili. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka lakini hakulia. "Mama yangu ni mmoja. Andika."

Dada aliweka dole gumba pale alipooneshwa. Alitoa kisomeo mkobani akanikabidhi. Nilitaka kufurahi. Nilikuwa nimesafiri siku tano nzima kwa hasira kuifikia dakika hiyo, na nilipoifikia nilikitia kisomeo mkobani mwangu bila hata kukitazama.

Kwenye korido alinisimamisha.

"Leo ni zamu yangu kuwaambia mama wa wodini kwamba hakuna damu," alisema. "Nitawaambia imekwisha. Jina lako sitalitaja, wala la mtoto. Hilo ndilo la mwisho nitakalokufanyia, mdogo wangu."

"Dada, usinifanye mimi niwe niliyeua."

"Sijasema hivyo," alijibu. "Umesema wewe."

Akaondoka, viatu vyake vya kazi vikigonga sakafu. Sikumwita. Hata sasa sijui kama nilitaka ageuke.

Nilimbeba Raya, ingawa amekuwa mzito, nikashuka naye ngazi. Alilaza kichwa begani kwangu. Tulipofika chini akauliza, "Mama, siku nikiumwa kweli kweli, utakaa na mimi siku nzima?"

"Nitakaa."

Aliinua kichwa. Akanitazama usoni, karibu kabisa, macho yamefinywa vile vile alivyomtazama mama yake mkubwa.

"Apa," alisema.

Niliapa. Tangu nimzae, hakuwahi kuniomba kiapo.